Abate Felbiger, mwalimu wa walimu

Wengi wanaosoma kurasa hizi ni walimu wa dini. Kila juma wao husimama mbele ya ubao, huandika kwa chaki, huwafundisha watoto arobaini au hamsini kwa mara moja, huuliza swali na kungoja jibu. Tumeyazoea mambo hayo hata tunadhani yalikuwako tangu zamani za kale. Sivyo. Katika vijiji vingi vya Ulaya, hata katika miaka ya 1750, mwalimu aliwaita watoto mmoja mmoja mezani pake. Huyu alisoma mistari miwili, akarudi mahali pake. Kisha akaja mwingine na kitabu kingine, maana kila mtoto alileta kitabu chochote kilichopatikana kwao. Wengine wote walikaa bure wakicheza na kugombana. Miaka ilipita, na mtoto akatoka shuleni bila kujua kusoma barua.

Kati ya watu waliofanya kazi kubwa ili kuiondoa desturi hiyo mbovu, mmoja alikuwa padri mtawa, jina lake Johann Ignaz von Felbiger. Mwisho aliwekwa kuwa mkuu wa shule zote za watoto katika nchi za Kijerumani za dola ya Austria. Lakini habari zake zaanzia mbali na jumba la wafalme.

Alizaliwa tarehe 6 Januari 1724, siku ya Epifania, katika mji wa Glogau, nchi ya Silesia. Siku hizi mji huo unaitwa Głogów, nao umo katika Polonia. Wakati ule ulikuwa chini ya watawala wa Austria, wa ukoo wa Habsburg. Baba yake alikuwa mkuu wa posta, na Kaisari Karolo VI alikuwa amempandisha katika daraja la watu wa cheo. Kijana alipokuwa na miaka kumi na sita, Mfalme Frederiki II wa Prusia aliishambulia Silesia, na mwaka 1741 askari wake waliuteka mji wa Glogau. Hivyo Felbiger alizaliwa raia wa Austria akawa raia wa Prusia bila kuhama nyumba. Tulikumbuke jambo hilo, kwa sababu baadaye lilimletea taabu.

Alisoma teolojia katika chuo kikuu cha Breslau. Kisha wazazi wake wakafariki, fedha zikakwisha, na mwaka 1744 ilimpasa kuyaacha masomo akawe mwalimu wa watoto katika nyumba ya watu wenye mali. Hapo ndipo alipoonja kwanza kazi ya kufundisha: si kwa kuipenda, ila kwa kutafuta chakula. Miaka miwili baadaye aliingia utawani, katika monasteri ya Wakanoni wa Mtakatifu Agostino mjini Sagan. Alipewa upadri mwaka 1748, na mwaka 1758 ndugu zake walimchagua kuwa abate wao. Alikuwa na miaka thelathini na minne tu.

Abate wa wakati ule hakuwa mkuu wa sala peke yake. Monasteri ya Sagan ilikuwa na mashamba, vijiji, parokia na shule zilizokuwa juu yake. Tena vita vilikuwa vikiendelea, vile vilivyoitwa baadaye Vita vya Miaka Saba, na Silesia ndiyo iliyokuwa uwanja wake. Mtu mwingine angesema: Tungoje amani kwanza. Felbiger hakungoja. Aliona jambo lililomwumiza moyo. Mjini Sagan Walutheri walikuwa wengi, nao walikuwa na shule yao. Na wazazi Wakatoliki, tena wenye imani, walikuwa wakiwapeleka watoto wao katika shule ile ya Walutheri.

Hapo palikuwa na njia mbili. Njia nyepesi ilikuwa kuwakaripia wazazi kutoka mimbarani na kuwatisha. Felbiger alichukua njia nyingine: alikwenda kuzitazama shule zake mwenyewe. Na alichokiona kilimwaibisha. Walimu wengine walikuwa masakristani, wengine washona nguo waliofundisha huku wanashona, wengine hawakujua hesabu hata kidogo. Mshahara wao ulikuwa haba, nao hawakupata kufundishwa na mtu yeyote namna ya kufundisha. Basi wale wazazi hawakuwa wameipenda dini ya wengine. Walitaka tu watoto wao wajue kusoma. Kosa lilikuwa nyumbani kwake abate. Mwaka 1761 alitoa amri yake ya kwanza juu ya shule za Sagan. Lakini amri haiwezi kumtengeneza mwalimu, na abate aliliona hilo upesi.

Siku zile vitabu vya shule moja ya Berlin vilifika mikononi mwake. Shule hiyo iliitwa Realschule, nayo ilianzishwa mwaka 1747 na mchungaji wa Kilutheri, Johann Julius Hecker. Mwaka uliofuata Hecker aliongeza juu yake chuo cha kuwafundisha walimu. Felbiger alivisoma vile vitabu, akatamani kuiona kazi yenyewe. Mwaka 1762, vita vikingali vinaendelea, alikwenda Berlin kimya kimya, bila kujitangaza kuwa abate. Hebu fikirini, ndugu wasomaji: mkuu wa monasteri ya Kikatoliki anaketi katika darasa la Waprotestanti, akitazama jinsi watoto wanavyofundishwa! Katika miaka ile, Wakatoliki na Walutheri walipokuwa wakitazamana kwa jicho baya, jambo hilo lilitaka unyenyekevu na pia ushujaa. Yeye aliona kwamba imani ni jambo moja, na ufundi wa kufundisha ni jambo jingine. Ufundi mwema waweza kuchukuliwa popote ulipo. Aliporudi, aliwatuma vijana wakajifunze Berlin, kisha wakawe walimu wa Sagan.

Sasa tuieleze njia yenyewe, maana hiyo ndiyo iliyotangaza jina lake. Jambo la kwanza ni kuwafundisha wote pamoja. Watoto waligawanywa kwa madaraja kadiri ya maarifa yao. Wa daraja moja walitumia kitabu kimoja, na alipokuwa mmoja anasoma kwa sauti, wengine walimfuata kwa macho, wakijua kwamba mwalimu aweza kumwita yeyote aendeleze pale pale. Leo ni desturi. Siku zile ilikuwa ajabu.

Jambo la pili lilihusu ubao na kumbukumbu. Katika shule ya Berlin mwalimu aliyeitwa Hähn alikuwa amebuni njia ya kuandika ubaoni herufi za kwanza tu za kila neno. Natoa mfano wa kwetu. Mwalimu asema: mtoto mwema huwaheshimu wazazi wake kila siku. Aliandika sentensi hiyo nzima, watoto wakaisoma mara kadhaa. Kisha aliifuta, akaacha herufi hizi tu: m. m. h. w. w. k. s. Watoto waliisema tena kwa kuzitazama herufi. Mwisho alizifuta hata herufi, na sentensi ikabaki kichwani. Mafundisho marefu aliyapanga kama mti wenye matawi: kichwa cha habari juu, sehemu zake chini, na sehemu za sehemu chini zaidi, ili mtoto aone kwa macho jinsi mambo yanavyoshikamana.

Jambo la tatu ni kuuliza maswali. Felbiger hakutaka mtoto aishie kukariri. Baada ya kukariri, mwalimu alipaswa kumwuliza kwa maneno mengine, amgeuzie swali huku na huku, mpaka ijulikane kama amefahamu au amebeba maneno tu.

Mimi naona kwamba katika mambo hayo matatu, la pili ndilo lililompendeza kupita kiasi. Alilisifu mno, na walimu wasio hodari walilishika hilo tu, kwa sababu ni jepesi kuandika herufi ubaoni, bali ni vigumu kuuliza swali jema. Adui zake baadaye walicheka wakisema kwamba shule zake zilifundisha alfabeti badala ya akili. Lawama hiyo haikuwa ya haki kabisa, wala haikuwa ya bure.

Mwaka 1763 alitoa kanuni mpya kwa shule zote za monasteri, akafungua na chuo cha walimu pale Sagan. Habari zikaenea. Watu walikuja kutazama, Wakatoliki na Waprotestanti. Waziri wa mfalme katika Silesia, Schlabrendorff, aliyekuwa Mprotestanti, akamwita amsaidie kutengeneza shule za Wakatoliki wa nchi nzima. Kila mmoja alikuwa na nia yake: waziri alitaka raia watii wenye kujua Kijerumani, abate alitaka Wakristo wenye kuifahamu dini yao. Wakashirikiana hata hivyo. Baada ya safari ya pili ya Berlin, Felbiger aliandika kanuni iliyotangazwa tarehe 3 Novemba 1765 kwa shule za Wakatoliki wote wa Silesia, mijini na vijijini. Vyuo vya walimu vilifunguliwa Breslau na katika monasteri kadhaa za Wasistersiani. Tena iliamriwa kwamba hata vijana waliotaka upadri wajifunze njia ya kufundisha, kwa maana paroko asiyejua kazi ya shule atawezaje kumsimamia mwalimu?

Ndipo alipotoa pia Katekisimu yake. Aliitengeneza kwa vipimo vitatu: kimoja kidogo kwa wachanga, kimoja cha kati, na kimoja kikubwa kwa watoto waliokwisha kuendelea. Mafundisho yalikuwa yale yale, lakini yaliongezeka kadiri ya umri, kama vile mama anavyompa mtoto kwanza maziwa, kisha uji, kisha chakula kigumu. Jambo hilo twaliona leo kuwa la kawaida. Kabla yake watoto wa miaka sita walishindiliwa mara nyingi maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wazima.

Nikiwa hapa sitaki kuliacha jambo dogo linaloonyesha jinsi mtu huyu alivyokuwa. Habari za Benjamin Franklin wa Amerika zilikuwa zimefika Ulaya, kwamba fimbo ya chuma iliyosimamishwa juu ya jengo, ikaunganishwa na ardhi, yaweza kulikinga na radi. Wengi waliogopa kuitumia. Wengine waliona ni kama kupingana na Mungu. Abate wa Sagan aliiweka juu ya mnara wa kanisa lake, mmoja wa watu wa kwanza kufanya hivyo katika nchi zile, na mwaka 1771 aliandika kitabu kuwafundisha wengine. Aliandika pia juu ya kupima hali ya hewa. Kwake ilikuwa tabia moja: kuona, kujaribu, kisha kuwaandikia wengine. Maandiko yake yote yaliyopigwa chapa yapita sabini.

Waziri Schlabrendorff alifariki mwaka 1769, na kazi ya Silesia ikalegea. Lakini mwaka huo huo askofu wa Passau, Firmian, alimwandikia Malkia Maria Theresa wa Austria kumwonya kwamba watu wake hawajui dini kwa sababu hawana shule. Malkia alilitia jambo hilo moyoni. Mwaka 1771 shule ya mfano ilifunguliwa Vienna, chini ya mwalimu Joseph Messmer. Mmoja wa wakubwa wa serikali, Pergen, alitoa shauri la kuwaondoa watawa wote katika kazi ya kufundisha. Malkia alilikataa. Kisha mwaka 1773 Papa Klementi XIV alilivunja Shirika la Yezu, na mara moja shule nyingi zikabaki bila walimu, na mali nyingi bila mwenyewe. Maria Theresa alitaka sehemu kubwa ya mali hiyo itumike kwa shule. Alikosa mtu tu.

Alimwomba Felbiger. Lakini Felbiger alikuwa raia wa Mfalme wa Prusia, aliyemnyang'anya malkia nchi ya Silesia! Ilimbidi malkia amwombe adui yake ruhusa. Frederiki alikubali, na mwaka 1774 abate alifika Vienna akiwa na miaka hamsini. Aliwekwa kuwa msimamizi mkuu wa elimu. Miezi michache tu ilipita, na tarehe 6 Desemba 1774 kanuni kuu ya shule ilitangazwa kwa jina la malkia.

Kanuni hiyo iliweka shule za namna tatu. Katika kila parokia iwepo shule ndogo ya kufundisha dini, kusoma, kuandika na hesabu. Katika kila wilaya iwepo shule kubwa zaidi. Katika kila jimbo iwepo shule ya kielelezo, iliyoitwa Normalschule, ambamo walimu watafundishwa kazi yao. Na mtu asipewe ualimu pasipo cheti. Watoto wote, wavulana na wasichana, matajiri na maskini, waanze shule walipofika miaka sita. Felbiger aliyajua maisha ya wakulima: wakati wa joto watoto wakubwa walihitajiwa mashambani, kwa hiyo masomo yao yaliwekwa hasa wakati wa baridi, na wadogo walisoma wakati wa joto, njia zilipokuwa kavu. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake kikubwa cha kuwaongoza walimu, Methodenbuch. Vitabu vya watoto vilipigwa chapa na shule kuu ya Vienna, vikauzwa kwa bei ndogo, na maskini waligawiwa bure. Katika nchi za Wacheki na za Waslovenia vilitolewa vyenye lugha mbili, Kijerumani na lugha ya wenyeji.

Je, watu walifurahi? Si wote. Wakulima walinung'unika: nani atachunga ng'ombe? Mabwana wengine wenye ardhi waliogopa mtumishi anayejua kusoma. Vijiji havikutaka kumlipa mwalimu, na walimu wazee hawakutaka kurudi shuleni wakiwa na mvi. Tukumbuke pia kwamba Felbiger mwenyewe alikuwa mtu wa amri. Alitaka kila kitu kifanywe kila mahali kwa namna moja, mpaka jinsi ya kushika kalamu. Wenye vipawa waliofundisha vizuri kwa njia yao wenyewe walijiona wamefungwa. Hilo liliwafanya wengine wamchukie bure, ambao wangeweza kuwa rafiki zake.

Hata hivyo kazi ilienda. Mwaka 1777 ilitolewa Katekisimu moja kwa nchi hizo zote, iliyojengwa juu ya ile ya Sagan, nayo ilishikwa na vizazi vingi vya watoto wa Austria. Kutoka Bohemia alikuwa amekuja Sagan padri mmoja, Ferdinand Kindermann, paroko wa Kaplitz, akajifunza kwake. Huyo aliongeza jambo zuri: pamoja na kusoma, watoto wafundishwe kazi za mikono, kusokota nyuzi, kufuma, kutunza bustani, ili wazazi maskini waione faida ya shule kwa macho yao. Baadaye Kindermann alifanywa askofu. Mwingine aliyeifuata njia hiyo alikuwa Mserbia wa dini ya Kiorthodoksi, Janković, mwangalizi wa shule kule Banat. Mwaka 1782 aliitwa Urusi na Malkia Katarina II, akaipeleka njia ya Felbiger mpaka huko, na sheria ya shule za watu ya mwaka 1786 ilitengenezwa kwa msaada wake. Basi njia aliyoiona mtawa Mkatoliki kwa Mlutheri ilifika mwishoni kwa Waorthodoksi.

Ile taabu ya kuwa raia wa mfalme mwingine ilimpata sasa. Frederiki alikuwa ametoa ruhusa ya muda, wala hakutaka abate wa Sagan akae Vienna siku zote. Felbiger alipaswa kuchagua kati ya monasteri yake na shule. Aliuachilia uabate, baada ya miaka thelathini ya utawa pale Sagan, na malkia akampa nafasi ya mkuu wa wakanoni katika mji wa Pressburg, ambao sasa ni Bratislava. Mtawa aliyezoea kengele na sala za pamoja hawezi kuachana na nyumba yake pasipo machozi.

Tarehe 29 Novemba 1780 Maria Theresa alifariki. Mwanawe, Kaisari Yosefu II, alizipenda shule, pengine kuliko mama yake. Lakini alitaka ziwatengeneze kwanza raia wenye faida kwa dola, na dini aliiona kama chombo cha kusaidia hilo. Felbiger alifikiri kinyume. Tena katika Vienna wengi walikuwa wamechoka na herufi na majedwali. Kulikuwa na padri kijana, Joseph Anton Gall, aliyekuja Vienna kujifunza njia hiyo. Yeye alipendelea kumwongoza mtoto kwa maswali ya upole hata aigundue kweli mwenyewe. Kaisari alimpenda Gall, akamwambia Felbiger aende Pressburg kwenye cheo chake, akasaidie shule za Hungaria. Kwa maneno yalikuwa heshima. Kwa kweli alikuwa ameondolewa. Gall alipewa usimamizi wa shule, kisha akawa askofu wa Linz.

Felbiger alikaa Pressburg miaka yake ya mwisho, mbali na ofisi alizozianzisha. Hapo alifariki tarehe 17 Mei 1788, akiwa na miaka sitini na minne. Kanuni yake ya mwaka 1774 ilidumu mpaka ilipotolewa nyingine mwaka 1805, nayo hiyo mpya iliacha shule za parokia, vyuo vya walimu na usimamizi wa maparoko karibu kama alivyoviweka yeye. Monasteri ya Sagan ilifungwa na serikali ya Prusia mwaka 1810.